Mdaiwa huachiliwa, mdhamini hubaki

Jumapili moja jioni, sebuleni kwake mtaa wa Umoja, Nairobi, rafiki yangu muuza vipuri wa Kirinyaga Road alichukua daftari la Kasuku la mwanawe, akafungua ukurasa mtupu baada ya hesabu za kugawanya, akaanza kuorodhesha wanaomdai. Mimi nilikuwa nimeitwa niwe shahidi, ingawa kazi yangu hasa ilikuwa kumzuia asinyanyuke kila mara kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Kazi ya nusu saa ilichukua saa tatu.

Alidhani anadaiwa milioni tatu na nusu. Benki, kwa mkopo ulioshikilia pikapu yake, 1,900,000. Msambazaji wa Dubai 1,450,000. Sacco 1,200,000. Shailoki wa mjini, yaani mkopeshaji asiye na leseni, 400,000, na hapo mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kimyakimya, aliacha kukunja. Shemeji 300,000. Chama, kile kikundi cha kuchangiana kwa zamu, 240,000. Kodi ya duka 210,000. Programu za simu, mikopo midogo midogo tisa, jumla 140,000. Alijumlisha mara mbili kwa kalamu na mara ya tatu kwa simu: 5,840,000.

“Baba watoto,” mkewe akasema, “hata kaka yangu?”

Kati ya kila kilichoandikwa pale, hilo ndilo swali moja tu lililoulizwa, wala halikuhusu benki. Nimelikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu wakili alikuwa tayari amempa rafiki yangu ushauri wa maneno machache: kajitangaze mufilisi, madeni yasimame, uanze upya. Alilileta neno hilo nyumbani kama mtu aliyeandikiwa dawa na daktari.

Tumelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kisheria, Kenya ina dawa nyingine. Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, iliifuta ile Sura ya 53 tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni, ambayo chini yake mufilisi alilazimika kurudi mahakamani kuomba aachiliwe, na asiporudi hubaki mufilisi hadi uzeeni. Sheria mpya ina huruma zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Ukishatangazwa mufilisi na kuwasilisha taarifa kamili ya mali na madeni yako, unahesabiwa miaka 3, kisha unaachiliwa bila kuomba, isipokuwa mtu apinge na mahakama imsikilize. Na kwa asiye na kitu kabisa kuna njia fupi zaidi: anayedaiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, asiye na mali ya kuuza wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kufilisika wala kupitia njia hiyo, anaweza kuomba kwa Mpokezi Rasmi wa Serikali, afisa anayesimamia mambo ya ufilisi, aingizwe katika utaratibu wa wasio na mali. Miezi 12 ikiisha, madeni hayo yanafutwa.

Soma aya hiyo tena ukiwa umekaa kwenye matatu ya kwenda Kayole, uhesabu wangapi mle ndani wangefaa. Kisha jiulize umewahi kumsikia nani akiizungumzia.

Wanaoifahamu sheria hii Nairobi wengi huifahamu kwa sababu ya jela. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai bado inaruhusu mdaiwa kufungwa hadi miezi 6 kwa deni ambalo mahakama imeliamua. Mwaka 2010, katika kesi ya ufilisi kwenye mahakama ya Milimani, Nairobi, Jaji Martha Koome, ambaye leo ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa kunakwenda kinyume na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imeuridhia. Mwaka 2012 Jaji David Majanja aliliweka sawa zaidi: kifungo chenyewe hakijafutwa, ila lazima mdaiwa apewe ilani, asikilizwe, na ionekane kwamba anao uwezo ila hataki kulipa. Asiye nacho ni mtu mmoja, mwenye nacho na anayekificha ni mtu mwingine.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoiharibia sheria ya ufilisi sifa. Mtu anashindwa kesi, anapuuza barua, anapuuza ilani, madalali wanakuja kuorodhesha viti na friji, bado anapuuza. Siku hati ya kumkamata inapotoka ndipo anakumbuka kwamba yeye ni mufilisi, na ombi linafika mahakamani asubuhi yake. Majaji si watoto. Ombi la namna hiyo wanaliangalia kama mlango wa nyuma, na wana mamlaka ya kulikataa wakiona linatumiwa kukwepa hukumu. Kwa hiyo anayeomba mapema na kwa nia safi anaingia katika chumba ambacho tayari kimejaa harufu ya wajanja waliomtangulia.

Lakini hilo si tatizo kubwa la rafiki yangu. Tatizo lake liko mstari wa tatu wa lile daftari.

Yeyote aliyewahi kukopa kwenye sacco anajua mpango ulivyo. Unaweka akiba, unakopa mara tatu ya akiba yako, na pengo linazibwa na wadhamini, yaani wanachama wenzako wanaotia sahihi na akiba zao zikafungwa hadi umalize. Rafiki yangu alikuwa na wanne. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwingine ana kibanda cha nguo Gikomba. Wa tatu walisoma pamoja. Wa nne ni mama mchungaji wa kanisa lao, ambaye alitia sahihi wakiwa wamesimama nje baada ya ibada, fomu ikiwa juu ya boneti ya gari la mtu.

Sasa sikiliza sheria inavyosema. Kutangazwa mufilisi kunawazuia wadai wako kukufuata wewe. Kuachiliwa baada ya miaka 3 kunakuondolea wewe deni. Hakumwondolei aliyekudhamini. Siku rafiki yangu anapopata kinga, sacco haina haja hata ya kumpigia simu. Inageukia akiba za wale wanne kwa sababu ziko mikononi mwake tayari. Mwalimu atafungua taarifa yake ya akiba akute pengo. Akishalipa, anakuwa mmoja wa wanaomdai mufilisi, anapanga foleni na msambazaji wa Dubai na mwenye duka, anapata senti chache kwa kila shilingi kama zitapatikana, na miaka 3 ikiisha hana tena pa kudai. Mkosaji ametakaswa kwa muhuri wa Jamhuri, na mwalimu ambaye hakukopa hata thumuni ndiye aliyelipa.

Naijua hoja ya upande wa pili. Dhamana imewekwa kwa siku kama hiyo. Kama mdhamini angeachiliwa pamoja na mdaiwa, hakuna sacco ingekopesha, na watu wasio na hati miliki wangerudi kwa shailoki. Nakubali, na wala sisemi sheria ibadilishwe hapo. Ninachosema ni kwamba sheria hii mizizi yake iko mbali, katika nchi ambako mtu hukopa kwa jina lake, kwa alama zake za mikopo, peke yake. Nairobi mtu hakopi peke yake. Anakopa kwa sahihi za watu wanne, kwa zamu ya chama, kwa jina la shemeji, kwa kitambulisho cha mdogo wake. Anapoanguka, anaangukia watu. Karatasi ya mahakama inamuona mtu mmoja na wadai wake. Haioni boneti ya gari nje ya kanisa.

Ndiyo maana nadhani maandalizi ya kufilisika, kwa mtu wa mji huu, hayaanzii kwa wakili. Yanaanzia kwa wadhamini, na yanaanza kabla mkopo haujachacha. Mdhamini aliyeambiwa mapema anaweza kwenda sacco pamoja nawe kuomba muda wa kulipa uongezwe, malipo ya mwezi yapungue. Anaweza kukwambia uuze pikapu kwa bei ya hiari kabla haijauzwa na dalali kwa bei ya mnada. Aliyeshtukizwa hana la kufanya ila kukulaani.

Na kuna njia ndani ya sheria hiyo hiyo inayofaa mazungumzo ya namna hiyo, ambayo mawakili wa haraka huiruka. Kabla ya kujitangaza mufilisi, mdaiwa anaweza kuomba amri ya muda ya mahakama inayowazuia wadai, kisha akawapelekea pendekezo kupitia msimamizi aliyeidhinishwa: nitalipa hiki, kwa muda huu, kutoka chanzo hiki. Wadai wanakutana na kupiga kura, na likipita linawafunga. Mwenye mikopo midogo anaweza kuomba kulipa kwa mafungu chini ya msimamizi. Njia hizi zinahitaji jambo ambalo mtu aliyezama hulichukia kuliko yote, nalo ni kuketi mbele ya wanaokudai ukiwa na hesabu sahihi. Lakini ndipo mahali pekee ambapo unaweza kuliingiza deni la sacco katika mpango kabla halijamfikia mwalimu.

Mengine ya maandalizi nitayapitia upesi, maana yanajulikana ila watu hujifanya hawayajui. Usiandikishe ploti ya Joska kwa jina la kaka yako: zawadi uliyotoa ndani ya miaka 2 kabla ya kutangazwa mufilisi inaweza kubatilishwa, na ukiwa hukuwa na uwezo wa kulipa madeni yako ulipoitoa, hata ya miaka 5 nyuma inaweza kufuatwa. Usimlipe shemeji kwanza kwa kuwa ndiye utakayekutana naye Krismasi. Malipo ya upendeleo nayo hurudishwa, na shemeji atajikuta akiandikiwa barua na msimamizi wa mali yako. Usijaze programu za simu mikopo mipya ukijua hulipi, kwa sababu deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi na ufilisi, kama ambavyo amri ya matunzo ya watoto haifutwi. Na tafadhali usiitoe pensheni. Nimewaona watu wakichomoa mafao yao ya miaka 15 kumlipa shailoki, ilhali akiba iliyo ndani ya mpango wa pensheni uliosajiliwa imelindwa dhidi ya wadai na Sheria ya Mafao ya Kustaafu. Kile ambacho hakuna mdai angeweza kukigusa wamekipeleka kwa mikono yao wenyewe.

Kuhusu benki, kagua hesabu kabla ya kukubali. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi msingi uliokuwa umebaki. Rafiki yangu alikuwa anakubali kila tarakimu iliyokuja kwa barua yenye nembo. Hesabu yake ilikuwa sawa, kwa bahati, lakini hakuwahi kuiangalia.

Shailoki ni habari nyingine. Hana leseni, hana mkataba unaosomeka, ana nakala ya kitambulisho na kadi ya benki yenye namba ya siri. Nilimshauri rafiki yangu amwandike kwenye orodha kama wengine, kwa jina na kiasi alichopokea mkononi. Alicheka. “Huyu hataenda mkutano wa wadai,” akasema, “huyu anakuja hapa.” Sikuwa na jibu la kisheria kwa hilo.

Tuseme basi yote yameshindikana, na mtu amefika mwisho wa njia. Anapeleka ombi Mahakama Kuu pamoja na taarifa ya mali na madeni, ile ile iliyozaliwa kwenye daftari la Kasuku, safari hii chini ya kiapo. Amri ikitoka inatangazwa, na jina lake linakaa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali katikati ya ilani za mirathi na hati miliki zilizopotea. Mali yake inahamia kwa msimamizi, mara nyingi Mpokezi Rasmi mwenyewe. Anaachiwa vifaa vya kazi, nguo, na vyombo vya lazima vya nyumbani kwa viwango vilivyowekwa, kwa hiyo zile hadithi za watu kuachwa na godoro sakafuni zinawahusu zaidi madalali kuliko ufilisi. Mkopo wenye dhamana unabaki na dhamana yake: benki itachukua pikapu bila kumuuliza mtu, na kwa mwenye nyumba iliyowekwa rehani zile ilani za Sheria ya Ardhi, miezi 3 kisha siku 40, zinaendelea kuhesabika.

Halafu ni maisha ya kuomba ruhusa. Kusafiri nje ya nchi, ruhusa. Kuendesha biashara au kuwa mkurugenzi wa kampuni, ruhusa. Kukopa zaidi ya 100,000, lazima umwambie unayemkopa kwamba wewe ni mufilisi, na kuficha ni kosa la jinai. Katiba, ibara ya 99, inamzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge. Ibara ya 193 inamfungia pia uwakilishi wa wadi. Rafiki yangu alisema hiyo anaweza kuivumilia.

Asichoweza kuvumilia ni kuhojiwa. Mufilisi hujibu maswali kuhusu pesa zake, ziliingia wapi, zilitoka vipi, kwa nini Agosti alimtumia fulani elfu 80. Taarifa za M-Pesa hazisahau. Mtu ambaye kwa miaka 4 amekuwa akiwaambia watu hadithi tofauti, mke hii, sacco ile, shemeji nyingine, anatakiwa sasa awe na hadithi moja. Naamini hapo ndipo ufilisi unapouma kweli, na pia hapo ndipo unapoponya, ikiwa utaponya. Waliopitia ufilisi wanaozungumza kwa utulivu ni wale waliokuwa wameshakiri nyumbani kabla ya kukiri mahakamani.

Kama kuna jambo moja ningeomba serikali ifanye, ni dogo. Fomu na maelezo ya Mpokezi Rasmi yawe kwa Kiswahili cha kawaida na yapatikane Huduma Centre, pale watu wanapopanga foleni za vitambulisho. Na kwa sacco, ombi dogo zaidi: mkopo ukichelewa mwezi wa kwanza, mdhamini apate ujumbe siku ile ile anayoupata mkopaji. Wengi husikia ikiwa akiba imeshakatwa. Mdhamini ni mshirika wa deni tangu siku ya sahihi. Hakuna sababu awe wa mwisho kujua.

Rafiki yangu hajapeleka ombi hadi leo. Wiki iliyofuata tulipanda naye matatu hadi shule anakofundisha yule mwalimu, saa kumi, watoto wakitoka. Alikuwa amelikunja lile karatasi la daftari mara nne kwenye mfuko wa shati. Walisimama chini ya mti karibu na tangi la maji, mimi nikabaki getini. Sikusikia yote. Nilimwona mwalimu akilisoma karatasi hadi chini, akarudi juu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kukiacha hapo kwa muda.

Tukirudi mjini nilimuuliza alisema nini.

“Aliuliza nilianza kuchelewa mwezi gani,” akasema. “Nikamwambia Februari. Akasema Februari alikuwa na pesa, angenisaidia.”

Ilikuwa Septemba.